Biblia ya Kumwonyesha Athieno

Mwanangu, siku niliyovuka mpaka hapo Busia kwenda kununua Biblia naikumbuka vizuri, na nikiikumbuka wivu bado unanichoma. Nakueleza kwa sababu jana nimekusikia ukisema unataka ile nene ya ngozi, kama ya mwenzako wa kwaya. Hukusema kama unaielewa.

Nilikuwa bibi arusi mpya hapa Buteba. Mama mkwe wangu alikuwa wa kabila la Wateso, macho yalikuwa yamemwisha, na kila jioni alitaka kusomewa. Aliyemsomea ni Athieno, mke wa shemeji yangu, Mdhopadhola wa kutoka Kiyeyi. Mimi ni Msamia wa Buhehe, kwa hiyo nyumba nzima tulikutana kwenye Kiswahili cha kuokoteza. Athieno alikuwa na kibiblia cha ganda la karatasi, Kiswahili chepesi, kimechakaa hata huwezi kumpa mgeni. Lakini mama alimshika mkono wakati wote akisomewa. Mkono huo niliutaka mimi. Nilipepeta mtama huku nawatazama, roho inaniuma.

Basi nikaenda duka la vitabu, upande wa Kenya. Muuzaji akanifungulia Biblia mbili. "Mama, soma kidogo kwanza, uone kama inakubamba, kama inakuingia." Nisome nini? Kwenye ile nene niliona kingo za dhahabu, ramani, na maelezo chini ya kila ukurasa, nikaiona na sura ya Athieno itakavyokunjamana. Nikachukua.

Jioni ile nikawahi kiti cha Athieno. Nikasoma habari za mfalme aliyemwandalia mwanawe karamu ya arusi. Sasa, sisi wa kwetu ulimi hautenganishi r na l, na neno nililolijua ni lile la shuleni. Nikasoma kalamu. Maelezo ya chini yalikuwa magumu kuliko Biblia yenyewe, nikayaruka, nikaeleza ya kwangu: mfalme alimtafutia mtoto kalamu ili asome kwa bidii.

Mama akainamisha kichwa. "Na ng'ombe nachinjwa ya nini? Ya kalamu?"

Athieno akacheka huko jikoni. "Mama, ni sherehe! Watu naitwa kukula!"

Nilitamani kumrushia ile Biblia na uzito wake wote. Mama akanipapasa, akanishika mkono, mara ya kwanza tangu niolewe.

"Mwana, wewe nasomea Athieno," akasema polepole. "Mimi hapana nasomewa."

Mkono niliupata, na maneno hayo pamoja nao. Kiti kilirudi kwa Athieno mpaka mama alipofariki. Nilimwonea wivu hata msibani, alipoitwa asome. Na Biblia yangu unaiona hapo kabatini, bado mpya.

Kwa hiyo ukifika dukani, mwenzako wa kwaya mwache huko huko kwao. Fungua mahali usipopajua, usome kwa sauti, halafu umweleze muuzaji kwa maneno yako. Ukikwama, rudisha, hata iwe nzuri namna gani. Na yale maelezo ya chini yakufungulie maandishi ya juu, yasikuongezee kazi. Ukiipata hiyo, chukua, hata kama ganda lake ni karatasi.

Mungu akupe Biblia utakayoichakaza, mwanangu, na akupe mtu wa kukushika mkono ukimsomea.