Diski ya Marehemu Mpiga Picha

Mteja akiniletea kompyuta inayojikokota, namshauri tutoe diski ya zamani tuweke SSD. Ndiyo kazi yangu ya kila siku hapa Gitega, kwenye kibanda changu jirani na soko. Diski ya zamani ina sahani zinazozunguka na kijisindano kinachopita juu yake kusoma. SSD haina kinachozunguka ndani yake. Ni chipu tu, kama zile za flashi. Kompyuta iliyokuwa ikikuacha uchemshe chai wakati inawaka, inawaka kabla hujakaa sawasawa kitini. Wateja hufurahi, na wengine huuliza, "Kwa hiyo zile za zamani ndiyo zimekwisha?"

Zamani nilikuwa najibu kwamba zimekwisha, kisha naendelea kukaza skrubu. Siku hizi nasita kidogo. Kilichonifanya nisite ni safari niliyofanya kwenda Muyinga, kwa mama mmoja aliyewahi kuwa jirani yangu sokoni.

Mimi nilizaliwa kwenye kambi ya wakimbizi Tanzania, na huko ndiko nilikojifunza ufundi. Tuliporudi Burundi, baba alipata sehemu ya shamba la ukoo huko Bugendana, akapanda migomba na maharage, akaishi miaka michache akiwa mwenye furaha kuliko nilivyowahi kumwona. Kisha akafa, tukamzika juu kilimani. Ndugu zangu hawakurudi. Kila mmoja alikwisha kushika njia yake. Mimi nilishuka mjini nikapanga chumba.

Kirundi changu ni cha nyumbani, cha kumwamkia shangazi na kuomba chumvi. Nikijaribu kumweleza mteja kwa nini mashine yake imekufa, maneno yananikwama, au nayapandisha sauti mahali pa kushusha, na watu wanacheka. Hawana ubaya. Wananiita Mtanzania. Lakini mtu anaweza kucheka nawe mchana kutwa na jioni ukagundua hakuna ulichozungumza naye.

Yule mama alikuja kuuza vitenge kwenye kibanda kilichotazamana na changu. Alikuwa Mkongomani wa Uvira, mjane, wa rika langu. Asubuhi yake ya kwanza alinikuta nikihangaika kumweleza mzee mmoja habari za virusi vya kompyuta, nikipiga mikono hewani kama anayefukuza nyuki. Mzee alipoondoka, yule mama akasema kwa Kiswahili, "Kaka, ule mzee ameenda akifikiri mashine yake iko na malaria."

Nilicheka mpaka nikaketi. Kuanzia hapo tulikuwa tukizungumza kutwa, kila mmoja kutoka upande wake wa kichochoro, sauti zikipita juu ya vichwa vya wanunuzi. Kiswahili chake na changu havikufanana. Mimi nikisema "hakipo", yeye anasema "haiko". Mimi "mume", yeye "bwana". Tulitaniana kwa hayo. Alinieleza kwamba mumewe alikuwa mpiga picha za video, za harusi na za kanisani, na kwamba aliugua akafa baada ya wao kuvuka mpaka kuja huku. Hakuwa mtu wa kuomboleza mbele za watu. Alisema hayo akikunja vitenge, na alipomaliza kukunja akabadili mazungumzo.

Kisha akahama. Wifi yake alikuwa na biashara Muyinga, akamwita wasaidiane. Mahali pake pakaja mtu wa mabeseni ya plastiki, mtu mwema sana, mkimya. Tulikuwa tunaamkiana asubuhi na kuagana jioni, na katikati ya hapo hakuna kitu. Nilianza kusikia jinsi kibanda changu kilivyo kimya.

Siku alipopiga simu, nilijua sauti yake kabla hajajitaja.

"Kaka, disiki ya marehemu bwana yangu iko inalia."

"Inalia vipi?"

"Inafanya tak, tak, tak. Kisha inanyamaza. Kisha tena. Ilianguka toka kwenye kabati wakati ya kusafisha."

Nilimwambia aizime, asiiguse, asimpe mtu yeyote wa kujaribu. Angeweza kumpa mtu anayesafiri ainiletee Gitega, lakini diski iliyoumia haipendi kutikiswa barabarani. Hiyo ilikuwa sababu ya kweli. Ya pili, ambayo pia ilikuwa ya kweli, ni kwamba nilitaka kwenda. Wiki zile mafuta yalikuwa adimu na magari machache, ikabidi nisubiri hadi nipate nafasi. Nilinunua SSD mpya ya kubeba mkononi, ndogo kama kipande cha sabuni, nikaifunga kwenye soksi. Nikapiga pasi shati. Njiani kupitia Karuzi nilipanga na kupangua maneno niliyokusudia kumwambia yule mama, tukimaliza kazi.

Nyumba yake Muyinga ilikuwa ndogo, yenye uzio wa mimea, nyuma ya nyumba ya wifi yake. Alinipokea kwa mikono miwili. Tulikula ugali wa muhogo na ndagala, wale dagaa wa ziwani, akaniuliza habari za soko, nani bado yupo, nani kaondoka. Kisha akafuta meza, akaifuta tena, akaileta diski ikiwa imefungwa kwenye kitambaa laini kama cha mtoto.

Niliiunganisha na kompyuta yangu. Ikazunguka, ikapiga tak, ikapiga tena, halafu ikashika. Majina ya mafaili yakaanza kushuka kwenye kioo.

"Imepona?" akauliza.

"Hapana, dada. Imekubali kuongea kidogo. Inaweza kukata pumzi wakati wowote, na ikikata sina uwezo wa kuiamsha. Niambie unataka nini kwanza. Tuanze na hicho."

Nilitegemea aseme harusi yao, au picha ya mumewe. Aliweka mikono mapajani.

"Yeye mwenyewe haiko kwenye picha," akasema mwishowe. "Kila siku alikuwaka nyuma ya kamera. Sura yake iko kwenye kadi ya kanisa, ninayo. Mi nataka sauti. Kuna mahali alikuwa anasema na mi, nyumbani, sio kazi. Moja tu. Lakini sijui iko wapi."

Mafaili hayakuwa na majina ya kueleweka, ila namba zilizotolewa na kamera. Yalikuwa mengi mno. Ilitubidi tutafute, na kila faili tulilofungua lilikuwa linaichosha diski. Nilimweleza hivyo, ili achague mwenyewe: nianze kukopi yote kwa mpangilio na tuombe Mungu, au tuwinde hilo moja kwanza?

"Tuiwinde," akasema.

Tukawinda. Nilikuwa nafungua faili, tunatazama kidogo, nafunga. Harusi. Harusi nyingine. Kwaya ya akina mama waliovaa sare ya njano. Ubatizo ziwani. Mtu akikata keki kwa hofu. Yule mama aliwatambua wengi. "Huyu iko kambini Nakivale, Uganda. Huyu walimuua. Huyu, sijui." Nyuma ya baadhi ya picha palisikika sauti ya mwanamume, lakini ilikuwa sauti ya kazi: sogea, tazama huku, bwana harusi shika mkono. Kila iliposikika, yeye aliinama karibu na kompyuta, kisha akarudi nyuma. Haikuwa hiyo.

Mvua ilianza na umeme ukakatika, kama kawaida. Kompyuta ilikuwa na chaji, tukaendelea. Diski ilikuwa imepata joto. Nikaipumzisha, tukakaa tunasikiliza mabati. Katika kukaa kule nilikaribia kusema nililokuja nalo. Nilifungua mdomo. Yeye akasema, "Jaribu tena, kaka, labda imepoa."

Tuliipata saa ya ng'ombe kurudi. Ilikuwa video fupi. Ua wenye matope, mvua imetoka kukatika, na yeye, akiwa na umri mdogo zaidi, ameinamia sufuria kwenye mbabula, jiko la makaa. Sauti ya mwanamume, karibu sana na kamera, ya chini, ikasema:

"Mama, geuka kidogo. Mwangaza uko huku."

"Acha mi! Maharagi iko inaungua!"

"Iache iungue. Geuka."

Na yule wa kwenye kioo akageuka, mwiko mkononi, akitaka kukasirika na asiweze. Sauti ikacheka. Basi, ikaishia hapo.

Niliikopi kwenye SSD kabla hajasema neno. Faili lilipofika upande wa pili nikamchezea nakala, ili diski isichoke. Akaitazama, akaniomba tena, akaitazama tena. Hakulia. Alikuwa amejifunika mdomo kwa ncha ya kitenge, na mabega yake yalikuwa yanatikisika kwa kicheko ambacho hakikuwa na sauti.

"Nilikuwa nimesahau," akasema. "Nilikuwa nimesahau namna alikuwaka anasema 'mama'. Kila mtu ananiita mama. Lakini sio vile."

Hapo nikajua kwamba yale maneno niliyoyapanga njiani hayana mahali pa kukaa ndani ya nyumba ile. Hakuna aliyenifukuza. Nilimwangalia tu akimsikiliza mumewe, nikaelewa. Nikainamia kazi yangu, nikaanza kukopi yaliyobaki.

Harusi chache zilivuka. Kwaya ya njano ikavuka. Kisha diski ikapiga tak mara kadhaa kwa kufuatana, ikatoa mlio mwembamba wa kukwaruza, na majina yote yakatoweka kwenye kioo. Nilijaribu nilichojua. Haikurudi.

"Na zile harusi za watu?" akauliza.

"Nyingi zimebaki ndani. Samahani, dada."

Akaishika diski kwa mikono miwili. Aliniambia mumewe hakukubali kufuta hata moja, kwa sababu wengi wa wale watu nyumba zao ziliungua na hawakuwa na picha nyingine. Alitaka siku moja kuwatafuta na kuwapa. Hilo lilimuuma kuliko nilivyotarajia. Alifurahi kwa ajili yake mwenyewe na akahuzunika kwa ajili ya wengine, yote mawili jioni moja.

Baadaye, akimimina chai, akaigusa ile mpya kwa kidole. "Hii nayo, itakaa? Haisemi kitu."

Ningeweza kumjibu kama ninavyowajibu wateja. Sikuweza kumdanganya.

"Hii ikianguka haiumii kirahisi, kwa sababu hakuna kinachozunguka. Lakini siku ikifa, inaweza kufa bila kuaga. Ile ya zamani ilikulilia, ukapata nafasi ya kuniita. Halafu hii usiifungie kabatini miaka. Inashika kumbukumbu kwa umeme kidogo uliobaki ndani yake. Ukiiacha muda mrefu bila kuiunganisha, inaweza kuanza kusahau."

"Bon. Donc, basi, inataka kutembelewa."

"Ndiyo. Na mimi nitaweka nakala nyingine Gitega, kwenye diski kubwa ya kuzunguka. Ile hata ikikaa sandukuni, inavumilia zaidi. Usiiamini hata moja peke yake."

Alinitazama. Sijui kama alikuwa amesoma jambo kwenye shati langu lililopigwa pasi. Akasema polepole, kama mtu anayemtengenezea mwenzake kola, "Kaka, we unakaa peke yako sana. Utafute watu wa kuongea nao."

"Nitatafuta," nikasema.

Nilirudi Gitega kesho yake. Ile nakala, niliyoibeba ndani ya kompyuta yangu, niliiweka kwenye diski ya kuzunguka, nikaipa jalada lake, na tangu siku hiyo sijaifungua. Naiunganisha mara mojamoja kuona kama bado inasoma, nahesabu kwamba mafaili yapo, naizima. Sauti ile si yangu.

Tuliendelea kupigiana simu. Kisha maombi yake ya ukimbizi, ambayo yalikuwa yamelala muda mrefu, yakaamka ghafla, akaambiwa anaondoka kwenda nchi ya baridi. Alinipigia akiwa anafunga mzigo.

"Kaka, ile mashine ya uwanja wa ndege, ile inaangalia ndani ya mizigo, haitaifuta sauti yake?"

"Haitaifuta. Lakini ibebe kwenye mkoba wa mkononi, usiiweke kwenye sanduku."

"Nitaiweka kifuani."

"Hapo ni salama zaidi."

Akacheka. Alipofika alinitumia picha ya theluji juu ya baiskeli ya mtu. Baadaye ujumbe ukapungua, kama unavyopungua, mpaka namba ikaacha kupatikana. Sina shaka yuko salama. Mtu akipata nchi mpya anakuwa na mengi ya kujifunza.

Wateja bado wanauliza swali lao. Nawaambia kwamba ndani ya kompyuta ya kazi, SSD imekwisha kushinda, wala sibishani na hilo. Lakini vitu ambavyo hutaki vikupotee, weka pia kwenye ile ya zamani, na uiangalie. Wengine wananiona fundi mwoga. Wengine wananunua zote mbili.

Jumapili iliyopita nilikwenda Makebuko, kwa sababu nilisikia kuna wenzangu waliorudi kutoka Tanzania ambao husali kwa Kiswahili kwenye nyumba ya mmoja wao. Nilikaa nyuma. Wimbo walioimba sikuujua, lakini maneno yote niliyaelewa, na ilinichukua muda kuzoea hilo. Baada ya sala wakanipa viazi vitamu kwenye sahani ya bati. Mzee mmoja aliniuliza nilikuwa kambi gani, nikamwambia. Akasema yeye alikuwa nyingine. Tukakaa tukila, kila mmoja akitafuta la kuongeza, kisha nikaaga, kwa sababu njia ni ndefu na mawingu yalikuwa yameanza kukusanyika upande wa Bukirasazi.