Mguu wa Kushoto wa Marquesa

Kitu cha kwanza nilichokiona kilikuwa rangi.

Manyoya ya Marquesa yalikuwa meupe kama unga wa ngano. Lakini mguu wa mbele wa kushoto, juu kidogo ya vidole, ulianza kugeuka rangi ya kutu.

Alikuwa anaulamba. Asubuhi, mchana, jioni. Huo huo mmoja, ile mitatu mingine hana habari nayo.

Nilikuwa napiga deki. Nikaona, nikanyamaza. Mimi kuongea mbele za watu ni mtihani. Hata dukani naonyesha kwa kidole.

Wiki tatu baadaye mbwa yule nusura akatwe mguu, na mtu asiye na kosa akapoteza kazi. Ngoja niwape mkasa wote.

Nilikuwa nafanya kazi za ndani Lima, mtaa wa San Borja, ghorofa ya saba, kwa Señora Úrsula. Kupika, kufua, kufagia. Mbwa hakuwa kazi yangu. Mbwa alikuwa na watu wake.

Na usipime! Marquesa, wa miezi minane tu, alikuwa na mafuta ya nyayo ya mchana, mafuta ya nyayo ya kulalia, taulo lililotariziwa jina lake, na viatu vinne vya mvua vya rangi ya waridi.

Mimi nilikuwa na kandambili pea moja.

Alikuwa pia na ukurasa wake mtandaoni. Wafuasi elfu kumi na moja. Kijijini kwetu, huko milimani Huancavelica, hatufiki mia mbili hata tukihesabu na kondoo.

Hao wafuasi walichopenda ni miguu. Manyoya ya miguuni yaliachwa yakue mpaka yakamwagika chini kama kengele. Señora aliyachana, akayapuliza kwa mashine, akayapiga picha.

Kila Ijumaa alikuja Wilmer, kinyozi wa mbwa, na begi lake jeusi. Anaogesha, anakata kucha, anasafisha masikio, anamalizia kwa kufunga utepe kila sikio. Mbwa wote wa jengo lile walikuwa wateja wake. Mtu mpole. Kati ya wageni wote wa nyumba ile, ndiye pekee aliyenisalimia kwa jina.

"Mama," alimwambia Señora siku moja, "niruhusu nipunguze manyoya ya miguu. Unyevu wa Lima huu unaujua. Maji yanakaa katikati ya vidole. Halafu huko chini mimi sioni kitu."

"Weee Wilmer! Thubutu uguse hapo uone. Watu elfu kumi na moja wanaifuata hiyo miguu."

"Mama, hao elfu kumi na moja hawaitembelei."

"Kata kucha, funga utepe, nenda."

Akakata, akafunga, akaenda.

Jumatatu Marquesa akaanza kuchechemea.

Mtu mwenye akili angeuinua mguu akautazama, si ndiyo? Señora aliinua simu.

Akampigia mwanasaikolojia wa mbwa. Naapa wapo. Mama mmoja mwenye miwani mikubwa, anaongea kwa video, na mbwa kakalishwa kwenye mto mbele ya skrini kama mgonjwa wa maana.

"Naona huzuni," mama yule akasema. "Kuna mtu ameondoka hapo nyumbani?"

"Mume wangu. Mwaka jana, mwezi wa pili."

"Basi ndiyo hiyo. Anamlilia baba yake."

Marquesa alizaliwa mwezi wa tisa. Huyo baba hajawahi hata kumsikia akikohoa.

Nikaendelea kufuta vioo.

Dawa ikawa muziki wa filimbi, mara tatu kwa siku. Tukausikiliza wote. Mguu ukavimba.

Jumatano akashuka Bibi Hortensia wa ghorofa ya tisa, yai mkononi.

"Úrsula mwanangu, huyu kapigwa jicho. Anatazamwa na watu elfu kumi na moja, kweli akosekane hata mmoja wa kijicho?"

Señora akacheka mpaka akashika kiuno. "Bibi naye! Hayo ni mambo ya watu wa milimani. Muulize Nilda, si ndio kwao."

Masikio yakaniwaka moto. Nikajifanya nimeacha kitu jikoni.

Nilipotoka, yule yule aliyecheka alikuwa kamshika mbwa kwa mikono miwili, na Bibi anapitisha yai kuanzia puani hadi mkiani. Likavunjwa kwenye glasi ya maji. Vichwa viwili vikainama.

"Unaona hizi nyuzi nyeupe? Ni mwanamke. Mnene mnene hivi."

Wakaanza kutaja majirani wanene, mmoja mmoja, ghorofa kwa ghorofa.

Kwa hiyo mbwa alikuwa ametazamwa kwenye picha, kwenye skrini na kwenye glasi. Kufunua manyoya, hakuna.

Alhamisi sebule ikaanza kunuka. Señora alikuwa ameenda saluni kutengeneza kucha zake. Marquesa akaja jikoni kwa miguu mitatu, akalaza kidevu juu ya kandambili yangu.

Nikamkalisha kwenye karai. Maji ya uvuguvugu, chumvi kidogo. Sikusugua. Nililoweka, kisha nikayatenganisha manyoya kwa vidole, taratibu, kama unavyotafuta chawa kwenye kichwa cha mtoto.

Juu ya vidole, ndani kabisa, nikagusa kitu kigumu.

Uzi wa mpira. Ulikuwa umezama kwenye nyama, ngozi imeanza kuufunika pande zote mbili. Uchafu na damu vimeula mpaka rangi haijulikani.

Nikachukua mkasi mdogo, nikapitisha ncha chini ya uzi. Marquesa akanitazama tu. Hakuning'ata.

Uzi ukaachia.

Señora akafungua mlango dakika hiyo hiyo. Akakuta damu, mkasi, uzi sakafuni, na mimi nimekunja ngumi ya kushoto kama mtu anayetaka kupigana.

Tulikimbia kwa daktari wa mifugo, Señora kaubeba ule uzi. Akasafisha, akashona, akafunga bandeji. Akatuambia, "Siku mbili zaidi, mguu huu ungebaki hapa kwangu. Nani alimfunga huu uzi?"

Señora hakufikiri hata kidogo. "Wilmer! Si ndiye anayefunga tepe kwa mipira!"

Kabla ya chakula cha jioni picha ya mguu ilikuwa kwenye ukurasa na kwenye kundi la simu la jengo zima. Wale elfu kumi na moja wakapata kazi ya kufanya. Wakamwita Wilmer mchinjaji. Waliokuwa wamempa funguo za nyumba zao wakazidai.

Ijumaa alikuja vile vile, na begi lake.

"Mama, mipira yangu ni ya masikioni, mifupi. Huu mrefu si wangu. Na miguu ulinikataza mwenyewe. Dada Nilda alikuwepo. Dada, si ulisikia?"

Wakanigeukia wote wawili. Hata mbwa.

"Sema basi," Señora akasema. "Una mdomo au huna?"

Nikaitazama bandeji.

"Sijui, mama."

Wilmer akaniangalia kidogo. Hakukasirika, na hilo ndilo baya zaidi. Akaokota begi.

"Mkaushe vizuri katikati ya vidole," akaniambia. "Bandeji ikilowa, ibadilishe."

Sijamwona tena.

Señora akanipiga picha na Marquesa, akaandika juu yake "shujaa wetu". Majirani wakaanza kugonga. Nilda njoo uniangalizie wangu. Nilda wangu naye analamba. Leo nina mbwa kumi na wanne, wote wa jengo lile. Begi jeusi nami ninalo langu. Ijumaa ni yangu.

Kwa hiyo ukiwa na mbwa nyumbani, chukua hili bure. Punguza manyoya ya katikati ya vidole, picha zisikudanganye. Ukisikia kucha zinagonga sakafu akitembea, zimeshakuwa ndefu. Akitoka kwenye mvua, kausha kila kidole. Akilamba mguu mmoja, tazama mguu huo, usitazame nyota. Na mara moja kwa wiki pitisha vidole vyako mpaka kwenye ngozi, kwa sababu manyoya hufunika mengi.

Nimemcheka Señora. Nimemcheka mwanasaikolojia na bibi wa yai. Mliocheka nami, sasa nichekeni mimi.

Marquesa alipoletwa alikuwa wa miezi miwili, anaenea kwenye kofia. Kila mgeni alimsifia, siku nzima, na kwetu kichanga akisifiwa hivyo bila kinga huugua. Nilimpenda. Nikaenda sokoni nikanunua kikuku cha mtoto mchanga: uzi mwekundu wa mpira na mbegu moja ya huayruro, nyekundu yenye doa jeusi. Nikamfunga Señora akiwa hayupo, nikafunika na manyoya.

Mbwa akakua. Uzi haukukua.

Nilidhani ulishadondoka. Nikausahau. Lakini siku ya yai, Bibi alipotaja jicho, nilikumbuka. Palepale. Ndiyo maana nilikimbilia jikoni. Na bado nilingoja mpaka kesho yake, Señora atoke, asije akaniona ninaufungua.

Ndani ya ile ngumi kulikuwa na mbegu. Ninayo hadi leo, kwenye begi, chini ya mkasi.

Wilmer, sijui kama unasoma humu. Siku ile nilisikia kila neno. Ulikuwa unasema kweli.

Uzi ule niliufunga mimi.