Dobi Aliyesoma Mguu wa Kushoto wa Ashby

Sakafu bado ina unyevu na chumba kizima kinanukia sabuni. Bisibisi iko kwenye mfuko wa aproni ya Odessa Pruitt. Ni Jumanne, saa moja kasoro robo asubuhi, mjini Youngstown, Ohio, na leo ni siku ya mchujo. Wachezaji tisini wa Wafua Chuma, timu ya mpira wa Kimarekani, waliingia kambini mwezi Julai. Ikifika saa kumi jioni watakuwa wamebaki hamsini na watatu.

Mwanamke huyu wa miaka sitini na mmoja anapita mbele ya makabati akivitazama vibao vya majina. Kila kibao kina matundu manne. Wakongwe wamefungiwa skrubu nne, wageni mbili tu. Bi Odessa, kama anavyoitwa na kila mtu hapa, ndiye anayefunga na ndiye anayefungua, na miaka ishirini na miwili ya kazi imemfundisha.

"Kwa Agosti, skrubu mbili zinatosha," anasema. "Nikaze nne, halafu mtoto afukuzwe, nisimame hapa nafungua huku ananitazama? Hapana. Bora iwe haraka."

Anasita mbele ya kibao kilichoandikwa ASHBY, kisha anaendelea.

Kazi yake ni kufua jezi na kusafisha njumu. Hulipwa dola kumi na tisa kwa saa, na wakati wa kambi husugua jozi tisini kwa siku, mara mbili mvua ikinyesha. Lakini viatu alivijua kabla ya hapo. Baba yake, marehemu Lucius, aliwashonea viatu wafanyakazi wa viwanda vya chuma, na binti alikulia chini ya meza ya fundi, akipanga soli kuukuu.

"Baba alikuwa anashika kiatu tu, anakwambia huyu anasimama mbele ya tanuru, huyu anabebea mzigo bega moja, huyu anamwambia mkewe yuko kazini kumbe yuko baa," anasema akicheka. "Mdomo utakudanganya. Soli haina muda huo."

Dontrell Ashby, kijana wa miaka ishirini na miwili kutoka Mississippi, alifika kambini akiwa amecheza mpira huu miaka miwili tu. Kabla ya hapo alikuwa mwanariadha wa mita mia nne. Kazi ya mdakaji wa pembeni ni kumkimbia mlinzi, kukata kona ghafla na kuudaka mpira unaorushwa kutoka mbali, na kwa mbio hakuna aliyemfikia. Kuna mipira aliyoidaka hata wakongwe wakaacha mazoezi kumtazama. Kisha ule rahisi, wa kifuani kabisa, unamponyoka.

Kuku mgeni hakosi kamba mguuni, wasemavyo wahenga. Kamba ya Ashby wote waliitafuta mikononi.

Kocha wa wadakaji, Renaldo Fusco, alimweka mbele ya mashine ya kurusha mipira, mipira mia mbili kila jioni. Ashby aliidaka karibu yote. Kesho yake uwanjani hali ikawa ile ile.

"Kipaji kama kile unaweza kukingoja miaka kumi," Fusco anasema. "Nilikuwa nakiona kinanipotea hivi hivi, na sijui kwa nini."

Wiki ya pili, Bi Odessa alikuwa akisugua jozi ya Ashby akaacha brashi. Kiatu cha kulia, meno ya soli upande wa ndani yalikuwa yamelika vibaya. Cha kushoto kilikuwa kama kimetoka dukani jana. Aliangalia siku tatu mfululizo, kisha akamwita mwenyewe.

"Njoo hapa, baba. Kule kwenye riadha, mnazunguka upande gani?"

"Kushoto, Bi Odessa."

"Na ulipokuwa shule ya msingi?"

"Kushoto. Kila mtu anazunguka kushoto."

"Basi ndiyo hiyo. Hujawahi kwenda kulia tangu uzaliwe."

Anayekata kwenda kulia hana budi kufunga breki kwa mguu wa kushoto, na Ashby hakuuamini mguu huo. Akitumwa kulia alizunguka taratibu kama yuko kwenye kona ya riadha, akipoteza hatua mbili. Mpira ulimkuta bado anajigeuza na mlinzi keshamfikia. Mikono ikabeba lawama ya mguu.

Bi Odessa alimpelekea kocha habari hiyo. Fusco alimjibu mbele za watu.

"Bi Odessa, sabuni ni yako, mpira ni wangu."

"Sawa, kocha. Ila mtoto wako hajui kwenda kulia."

Watu wakacheka. Ilimuuma, anakiri. Mchana huo alichukua kopo la rangi nyeupe ya viatu akayapaka meno ya ndani ya kiatu cha kushoto cha Ashby. Sharti lilikuwa moja: jioni kirudi rangi ikiwa imetoka.

Siku ya kwanza ilirudi yote. "Umeniletea kiatu cha harusi," alimwambia.

Tangu hapo, kila baada ya chakula cha mchana, walipanga makapu ya nguo chafu kwenye nyasi nyuma ya chumba cha kufulia, na Ashby akayakimbilia na kukata kona kwenda kulia, mara hamsini kila siku. Wenzake hawakumwacha salama. "Mwenzetu anafundishwa na dobi," walimwambia. "Muulize na kupiga pasi basi."

"Mimi nimelelewa na bibi," Ashby anasema. "Mwanamke mzima akikwambia kiatu chako kina shida, unavua kiatu. Huanzi kubishana."

Siku ya tisa rangi ilirudi nusu. Siku ya kumi na mbili Fusco, aliyekuwa akitazama picha za video za mazoezi na kuzirudia, aliingia chumba cha kufulia bila kubisha hodi. Akakiokota kiatu cha kushoto na kukigeuza.

"Hii rangi ni ya nini?"

"Ni mambo ya sabuni, kocha."

Fusco aliomba radhi, na kesho yake akaja na jozi nne za wachezaji wengine.

Ijumaa iliyopita, katika mechi ya mwisho ya kujipima nguvu, Ashby alitumwa kulia. Mguu wa kushoto ulichimba nyasi, mlinzi akapitiliza, na mpira ukamkuta kijana ameshasimama anaungoja. Alikimbia nao yadi thelathini na moja. Bi Odessa alikuwa kando ya uwanja na taulo zake, na hakuangalia juu.

"Mpira nilijua ataudaka," anasema, na fahari haijifichi usoni. "Mimi nilikuwa naangalia mguu."

Hata hivyo, mdako mmoja si ajira. Wadakaji kumi na mmoja wanagombea nafasi sita. Kufikia adhuhuri leo, vibao thelathini vimo kapuni. Ashby amekaa kwenye kigoda chake tangu asubuhi, hajatia kitu mdomoni. Bi Odessa anamletea kipande cha keki ya viazi vitamu.

"Kula."

"Bi Odessa, hujasikia chochote?"

"Ukiondoka nitajua kabla yako. Bisibisi ninayo mimi. Kula."

Saa kumi kasoro dakika tano Fusco anaingia. Anampita Ashby bila kumtazama, anakwenda moja kwa moja kwa mwanamke mwenye aproni.

"Bi Odessa, unazo skrubu mbili?"

Anazo. Zilikuwa mfukoni tangu asubuhi. Anajifuta macho kwa ncha ya aproni, anaziingiza kwenye matundu mawili yaliyobaki ya kibao cha Ashby, na anazikaza mpaka bisibisi inagoma. Nyuma yake kijana amejifunika uso kwa taulo.

Bi Odessa amebakiza miaka mitatu astaafu. Anataka, kabla hajaondoka, kila mgeni aanze kwake na viatu vyake ndipo aende kwa kocha. Na ana ombi jingine.

"Hizi nne," anasema, akikipangusa kibao kwa kiganja, "aje azifungue mtu mwingine. Mimi niwe nimeshaenda nyumbani."