Nyaya Mbili Tu, Kwenda na Kurudi

Gereji yangu ipo uani, nyuma ya nyumba ya kupanga, Manzese. Nikisema gereji usinijengee picha kubwa. Ni banda la mabati, nguzo za chuma, na bodaboda zimekaa kwenye foleni kama wagonjwa. Natengeneza pikipiki na bajaji. Shule nimeishia la saba, mengine nimefundishwa na grisi. Na mdomo ninao. Wateja wengine wanakujaga hata pikipiki haina tatizo, wanakuja kucheka tu, wakishacheka wanakumbuka kuwa breki inalia.

Umeme wa gereji ulikuwa unatoka chumbani kwangu kwa ekstensheni. Inapita dirishani, juu ya ndoo za watu, mpaka bandani. Nikiwasha kompresa ya kujazia upepo, taa za nyumba nzima zinasinzia. Waya unapata moto mpaka unahisi ungeweza kukaangia yai. Mwenye nyumba, anakaa Boko huko, alipita siku moja akauona, akatingisha kichwa. "Kijana, vuta laini ya maana. Ila mwite fundi umeme. Usije ukanichomea nyumba."

Fundi akaja. Baba mmoja mnene, shati kachomekea, miwani ya jua hajaivua hata chumbani. Anatembea anarusha miguu nje nje, utadhani kila hatua anaruka dimbwi. Akaangalia mein switchi, akaangalia banda, akaligonga bati kwa kidole.

"Hapa inatakiwa laini yake peke yake, ipite kwenye bomba, iwe na breka yake. Na haya mabati lazima tuyafunge ethi."

"Ethi ndio nini, mzee?"

"Waya wa kuuteremsha umeme ardhini ukipotea njia. Usipouweka, umeme unakaa kwenye bati unamsubiri mtu."

Akasema nikiwa tayari nimpigie, akaondoka anaruka madimbwi yake.

Alikuwa hata hajafika barabarani nimeshaanza kumuiga. Wale jamaa wa bodaboda walikuwa wamejaa, na mie hadhira ikijaa sijizuii. Nikavaa miwani ya mtu, nikatoa tumbo, nikarusha miguu. "Umeme unamsubiri mtuuu!" Watu wakalala chini. Ndipo nikatoa ile sentensi: "Wanatutisha tu hawa. Umeme nyaya mbili, kwenda na kurudi. Kama mie na Manzese. Naifunga mwenyewe."

Niliisema kuchekesha. Lakini ukishachekesha watu kwa neno, neno linakuwa la watu. Kesho yake kila anayepita, "Vipi injinia, umeshafunga?" Keshokutwa, "Injinia, tukuletee miwani?"

Sio kwamba sikufikiria. Nilifikiria sana, na hilo ndilo linalonikera. Hela ya fundi niliipata, hainishindi. Asubuhi moja nilikaa juu ya tairi, simu mkononi, namba yake nimeshaifungua. Nikajiambia, kijana, wewe unajua plagi ya pikipiki, huu ni umeme wa kuua ng'ombe. Kidole kilikuwa kimebakiza kubonyeza tu.

Hapo akatokea mtani wangu.

Huyu ni mama wa makamo, mshonaji, chumba chake ndio kinatazamana na banda langu. Yeye Mhehe, mie Mngoni. Mababu zetu walipigana wakachoka, wakatuachia utani. Basi sie hatusalimianagi. Shikamoo ni ya watu wengine. Yeye akifungua mlango ananiambia, "Mngoni, bado unapumua? Nilishaandaa sanda." Mie namjibu babu yake alimkimbia babu yangu mpaka akaacha kiatu, njoo nikupe, kipo bandani. Na ana michezo huyo mama! Akishika kitu cha gereji anajitetemesha, anageuza macho, anajiangusha juu ya furushi la nguo. "Nakufa! Mngoni kaniua!" Ua mzima unacheka. Anafufuka, anaendelea kushona.

Asubuhi ile aliniona na simu. "Unampigia nani na sura hiyo? Fundi?"

"Nafikiria, mtani."

"Nilijua. Mngoni na umeme wapi na wapi, hata kibiriti mnawasha mmefumba macho."

Ni utani tu. Siku zote anasema hivyo na zaidi. Lakini jamaa wawili wa bodaboda walikuwepo, wakacheka, wakanitazama. Nikairudisha simu mfukoni.

Kazi niliimaliza siku hiyohiyo, na niseme ukweli ilipendeza. Nilichukua laini kwenye mein switchi, nikaipitisha juu ya paa, nikatoboa bati kwa bisibisi na nyundo, nikaingiza waya. Soketi mbili, taa moja. Ethi sikuweka. Nilisema hiyo ni ya mahoteli. Kompresa ikanguruma, taa za nyumba hazikusinzia, watu wakanipigia makofi. Mtani akatoka chumbani akanipepea na kipande cha kitenge. Usiku huo nililala nimenyooka kama waziri.

Kuna siku baadaye niliegemea bati mkono mtupu, likaniuma. Kidogo tu, kama siafu. Nikaruka. Jamaa mmoja akauliza vipi, nikamjibu, "Bati lina wivu, limeona nimekuangalia wewe." Tukacheka. Sikuliegemea tena, na sikusema tena.

Sasa elewa ua wetu ulivyo. Manzese hakuna nafasi, kila kitu kimefungwa kwenye kitu kingine. Kamba ya kuanikia nguo, ambayo ni waya mtupu, upande mmoja imefungwa dirishani kwa mtani, upande wa pili kwenye nguzo ya banda langu. Imekuwepo tangu sijahamia. Naipita kila siku naiinamia. Kichwani mwangu ile ilikuwa kamba ya nguo. Haikuwa sehemu ya gereji.

Jumamosi kulinyunya manyunyu asubuhi, halafu jua likatoka. Mtani akatoka peku na ndoo ya nguo. Mie nipo bandani na viatu vyangu vya mpira, nimezungukwa na jamaa, nafungua tairi, kompresa inanguruma. Nikasikia ndoo imeanguka. Nikageuka. Mtani kaishika kamba, kanga nusu imening'inia, anatetemeka. Macho yamegeuka. Mdomo unataka kusema kitu, unatoa "mta, mta, mta."

Nikacheka.

Nikaacha spana, nikatoka nje, nikasimama mbele yake, nikaanza kutetemeka na mie. Nikageuza macho kama yeye. "Mta, mta, mta!" Jamaa wakashangilia. Nilikuwa karibu yake kiasi cha kuona maji ya kanga yanamtiririkia kwenye mkono, na bado nilikuwa natetemeka, naongeza na kiuno.

Mama anayekaangaga vitumbua pale koridoni ndiye aliyejua. Sijui aliona nini. Alikuja na mchi wa kinu anapiga kelele, "Zima! Zima wewe mwehu!" akaupiga ule waya, akaupiga tena, ukakatika dirishani, mtani akaanguka chali kwenye matope. Hapo ndio miguu yangu ikakumbuka kazi, nikakimbilia mein switchi.

Niliporudi wamemzunguka. Kafumbua macho, anapumua kwa kukoroma, kiganja cha kulia kina mstari mweusi. Wote wakanitazama mie, walivyozoea kunitazama, na mdomo wangu, bila kuniuliza, ukasema:

"Mtani umeshajaa chaji."

Hakuna aliyecheka. Nimewahi kusema vichekesho vikadoda, vingi tu. Hicho hakikudoda. Hicho kilibaki pale katikati ya ua, watu wakawa wanakizunguka wakati wanambeba mtani kwenye bajaji. Bajaji ni ya mteja wangu. Nilitaka kupanda, mama wa vitumbua akaniwekea mkono kifuani, unga wote ukabaki kwenye shati langu. "Wewe baki. Umefanya ya kutosha."

Zahanati walimfunga mkono, wakamwangalia moyo, wakamrudisha jioni. Mzima, walisema, lakini vidole viwili vitachelewa kukunja. Mkono wa mkasi.

Nilimpigia fundi mwenyewe, na sauti niliyotumia sikuijua. Akaja na miwani yake. Akapanda juu, akaniita, akanionyesha pale nilipotoboa bati. Ncha za bati zilikuwa zimetazama ndani kama meno, na kompresa ilivyokuwa inatingisha banda, meno yameutafuna waya mpaka kwenye shaba. Alishuka, akajifuta mikono, ndipo akasema:

"Nasikia unajua kunitembea. Hebu tembea nione."

Jamaa wa bodaboda wote wapo. Nikatazama chini.

"Tembea bwana, si ulikuwa unatembea?"

"Nisamehe, mzee."

"Haya. Shika hiki," akanipa sururu. Nikachimba shimo la kufukia chuma cha ethi, ardhi ya uani kwetu imejaa mawe na chupa, na hakuna aliyeniita injinia.

Mtani nilimwendea jioni ile ile alipotoka zahanati. Nilisimama mlangoni, nikaomba msamaha wote ninaoujua. Alikuwa kitandani, mkono juu ya mto. Aliniangalia kwa upole kabisa, akasema, "Haya mwanangu, yameisha. Ni bahati mbaya."

Mwanangu!

Bora angenirushia pasi. Kesho yake kafungua mlango, nikasubiri sanda yangu. Akasema, "Hujambo, mwanangu?" Nikababaika. Nikasema, "Shikamoo, mama." "Marahaba." Akaingia ndani. Ikawa ndio hivyo kila asubuhi. Salamu safi, za kitabuni, kama mie mpangaji mgeni. Ukimkosea mtu akakutukana, una pa kushika. Huyu alininyima hata tusi. Nilikuwa naisikia cherehani yake inakwenda, inasimama, inakwenda, inasimama, na kila ikisimama najua ni vidole vile. Jamaa waliendelea kuja gerejini, na mie niliendelea kutengeneza, ila mtu akianzisha utani najibu "eeh" nakaza nati. Mmoja akaniuliza kama naumwa.

Nilimfungia kamba mpya. Ya manila, ile ya plastiki, kutoka dirisha lake mpaka ukuta wa jirani, mbali na banda. Hakuianikia. Nguo akawa anazitandaza juu ya majani nje, na kila nilipoiona ile kamba tupu, masikio yalikuwa yanawaka.

Halafu Jumamosi moja, jua limepanda, ua umejaa, wanawake wanafua, jamaa wanasubiri tairi. Akatoka na ndoo. Akaiweka chini. Akaitazama kamba, akanitazama.

"Wewe Mngoni!"

Spana ilinidondoka.

"Njoo uishike hii kwanza. Mikono miwili. Ukifa, naanika. Usipokufa, naanika vilevile, ila kwa masikitiko."

Ua ukalipuka. Nikaenda, mikono ina grisi, nikaishika kamba ya plastiki kwa mikono miwili mbele ya watu wote. Nilitaka kutetemeka kidogo, kumjibu mchezo kwa mchezo, mwili ukakataa. Nikasimama tu, nimeshika, kama mtoto aliyeadhibiwa. Yeye akachukua kanga kwa mkono wa kushoto, wa kulia akaufuatisha polepole, vidole viwili vimenyooka havitaki kukunja, akaanika. Halafu nyingine. Hakuniambia niachie.

"Una grisi, utanichafulia," akasema ndoo ilipoisha. "Toka, mtani."

Sasa kila Jumamosi ananiita. Watu wanaosimama kuangalia ni wengi kuliko waliokuwa wanakuja kunisikiliza zamani, na wanacheka, na mie nacheka nao. Nashika mpaka ndoo iishe. Macho nayapeleka kwenye ukuta wa jirani, nisivione vile vidole.