Aliyeiba filamu yetu ninalala naye kitanda kimoja

Admin, jina langu lifiche, na la filamu pia usilitaje, maana hapa Kasulu tunajuana. Nina miaka 29, ni fundi cherehani, nimeolewa na nina binti wa miezi kumi na moja. Naandika mume wangu akiwa ameenda shamba, kwa hiyo nikikosea maneno mnisamehe.

Mimi ni katibu wa kikundi chetu cha maigizo. Miaka miwili tulikuwa tunatengeneza filamu yetu ya kwanza, tunarekodi Jumamosi na Jumapili, mara Nyakitonto, mara Kitanga, mvua ikinyesha tunarudi nyumbani mikono mitupu. Hadithi niliiandika mimi. Ni maisha ya mama yangu, ambaye baba alimuaga akaenda kufanya kazi kwenye mashamba ya tumbaku na hakurudi tena. Mimi ndiye niliyeigiza kama mama.

Mume wangu alinisaidia kushika maneno. Jioni tukikaa kupukuchua maharage, yeye anasoma maneno ya baba, mimi najibu ya mama. Kuna siku nililia kweli, akaacha maharage akanifuta machozi. Ndiyo maana jambo hili linaniua.

Siku ya kuonyesha tulikodi ukumbi hapa mjini, Jumapili mchana. Watu walijaa mpaka wengine wakasimama. Mume wangu alikaa nyuma kabisa na mtoto, ili akisumbua amtoe nje. Karibu naye alikuwepo mpiga picha wetu, nimwite Bahati, Mkongomani anayeishi kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu. Anatoka kwa kibali kuja kufanya kazi na sisi. Siku hiyo alisimamia projekta, simu mkononi akimulikia nyaya. Filamu ilipoisha wamama walinikumbatia wanalia. Nilijiona nimezaliwa upya.

Wiki mbili baadaye tukaenda kuionyesha Kibondo. Ukumbi ulikuwa mtupu, watu hawakufika hata ishirini. Nikamuuliza mama mmoja aliyekuwa anauza ndizi pale mlangoni, kwani tangazo halikusikika? Akacheka. "Dada, hiyo mbona tumeshaiona! Ipo kibandani pale, wiki nzima wanaiweka. Hata Busunzu wameiona."

Tulikwenda mpaka kwenye hicho kibanda cha video, mimi na mwenyekiti wetu. Ilikuwa imerekodiwa kwa simu kule ukumbini. Picha inatikisika, vichwa vya watu vinapita, sauti ya mbali. Mwenyekiti akasema palepale, "Hii imechukuliwa kutoka nyuma. Nyuma alisimama nani na simu? Si huyu Mkongomani!"

Nilikuwa nimesikia mtoto analia ndani ya ile video, na sauti ya mwanaume, karibu kabisa na simu, inambembeleza kwa Kiha: "Hora, hora, mwana wanje," yaani nyamaza, mwanangu. Ndugu zangu, mama hawezi kuikosea sauti ya mtoto wake. Nikakaa kwenye benchi nikilia. Mwenyekiti akadhani nalilia filamu.

Nilipofika nyumbani nilimuuliza mume wangu kabla hata sijavua viatu. Nilitegemea akatae. Hakukataa.

"Ndiyo, ni mimi. Niliwapa wale wanaoingizia watu muvi kwenye flashi. Wala sikuchukua hela yao."

"Sasa kwa nini?"

"Unadhani ni raha kukaa na mtoto nyuma, wanaume wanampigia mluzi mke wangu, na yeye yupo mikononi mwa mwanaume mwingine anamwita 'mume wangu'? Nilitaka ife. Watu wakishaiona bure, nani atawaita tena? Ungerudi kwenye cherehani yako, tukaishi."

Maneno ya yule "mwanaume mwingine" ni yeye aliyekuwa ananisomea! Nilimkumbusha. Akasema, "Ukitaka, nenda kaseme. Utakuwa umempeleka baba wa mtoto wako polisi." Akatoka.

Kikundi kikaitana kikao. Bahati alisimama mbele yetu. "Miye siko mwizi," akasema. "Ile filme ni ya miye pia. Naweza iba kitu yangu mwenyewe?" Hakuna aliyemtetea. Akanitazama mimi, kwa sababu mimi ndiye niliyemleta kikundini. Nikainamisha kichwa. Walimfukuza palepale, na wakaamua tuandike barua kambini waelezwe kwamba anatumia kibali kuja kuiba. Kibali kikifutwa hatatoka tena, na ana mke na watoto wanaotegemea hizi kazi zake za picha.

Nilimfuata mama yangu kule Nyakitonto, nikijua yeye atanielewa, maana filamu ni maisha yake. Akanisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Mwanangu, mimi nililea watoto bila mume. Wewe usiyatake hayo. Huyo Mkongomani atasahau." Nililia njia nzima kurudi.

Nyumbani tunaongea mambo ya mtoto tu. Mume wangu amekuwa mpole, anachota maji, anapika, lakini hajasema samahani hata mara moja. Na mimi nikimtazama namuogopa, kwa sababu siku zile za maharage sijui alikuwa ananipenda au alikuwa ananivumilia.

Barua ya kambini katibu ndiye anayeiandika, yaani mimi. Wanaitaka Jumamosi hii. Nikiiandika, nimemzika mtu asiye na kosa. Nikisema ukweli, naweza kubaki na binti yangu peke yangu kama mama alivyobaki na sisi. Karatasi ipo hapa mezani, nimeandika tarehe tu.

Wenzangu mliopitia ndoa, msinitukane, nimeshajitukana vya kutosha. Niambieni, nifanye nini kabla ya Jumamosi?