Viganja vya Walioangushwa

Biubwa Mikdad si mtu wa kulia. Tumepakana milango mwaka wa tisa huu, yeye na studio yake ya picha za pasipoti, mimi na cherehani yangu, nyuma ya soko hapa Bagamoyo, na sijawahi kuona hata jicho lake limelowa. Mume alipomwacha, alifagia mlango akafungua kazi. Ndiyo maana ile Jumamosi ilinitisha.

Mambo yenyewe yalihusu Banda la Mieleka. Ni jengo la mawe lenye mchanga katikati na viti vya mbao pande tatu, na zamani kila Idi lilijaa watu kutoka Miono mpaka Fukayosi. Upande wa nne ulikuwa ukuta usio na viti, wenye madirisha tu juu, nao ulikuwa wa walioangushwa. Kwingine mshindi ndiye anayeandikwa jina. Kwetu aliyepigwa mwereka ndiye aliyechovya kiganja kwenye udongo mwekundu akakibandika ukutani, na aliyemwangusha akamwuliza, "Kimetoka?" Akijibu kimetoka, wanakumbatiana na ugomvi umekwisha. Viganja vilikuwa zaidi ya mia mbili.

Kimoja kilikuwa cha baba yake Biubwa, Mikdad Mtoro, dereva wa lori. Aliangushwa Idi moja, wiki iliyofuata akasafiri kwenda Zambia, akapata ajali huko na kuzikwa huko. Biubwa alikuwa na miaka mitatu. Picha ya baba yake hana hata moja, yeye ambaye amepiga picha nusu ya mji. Alichokuwa nacho ni kile kiganja, chini ya dirisha la tatu, kidole cha shahada kimepinda kidogo. Mama yake alikuwa akimbeba juu ili aweke mkono wake mle ndani. Banda lilipofungwa na warithi wakagombania ufunguo, Biubwa alikuwa na miaka kumi na saba, hana kamera wala simu, na mkono wake ulikuwa umebakiza kidogo tu kukijaza kile kiganja.

Mwaka huu warithi wamepatana na kuuza kiwanja. Jumatatu tingatinga linaingia. Biubwa aliwabembeleza wiki mbili nzima mpaka wakampa ufunguo Jumatano, siku tano kabla ya tingatinga, na mimi nikafunga duka nimshikie ngazi. Alikuwa amejifunza mtandaoni namna ya kupiga mamia ya picha zinazopandiana, kompyuta ikaziunganisha, jengo zima likasimama kwenye kioo, unaligeuza na kuingia ndani yake kana kwamba una miguu. Tukapiga paa, viti, mchanga. Ukuta ule ulitoka giza tupu kila alipojaribu, na taa yake iliupiga mng'ao. Ulitaka jua la saa mbili asubuhi, linaloingia kwa mlango wa mashariki. Alhamisi mawingu. Ijumaa mawingu.

Ijumaa hiyohiyo akatimiza adabu aliyofundishwa. Akawapitia wazee wa mieleka, wanne waliobaki, akawaamkia na kuwaeleza: kesho namalizia ukuta wa viganja, na Inshallah dunia nzima itauona. Akamwachia mkubwa wao, Mzee Bwanausi, ufunguo ili waende kuliaga banda lao. Mzee Bwanausi hajawahi kuangushwa maisha yake yote. Yeye ndiye aliyemwangusha Mikdad.

Jumamosi jua likatoka safi. Tulifika mbio, Biubwa anacheka, kamera kifuani. Tukaingia.

Ukuta ulikuwa mweupe pepepe. Chokaa bado mbichi, ndoo ya chokaa, ndoo ya maji na brashi ziko chini, na wazee wanne wamekaa mbele yake kwa kanzu safi kama waliokuja kuposa.

"Shikamooni," nikasema mimi.

"Marahaba, wanangu," akaitika Mzee Bwanausi. "Tumefanya kazi usiku kucha. Biubwa mwanangu, wewe umesema dunia nzima itauona. Sisi kwa sisi hapa, haina neno, tulicheza na tukasameheana. Lakini wale wengi ni marehemu. Tutaanikaje kushindwa kwao mbele ya watu wasiowajua? Tumewasitiri. Na baba yako tumemsitiri."

Mimi ulimi wangu hauna breki. Nikawauliza nani aliwatuma. Nikasema maneno ambayo mtoto wa watu hawaambii wazee, na sijayajutia mpaka leo. Wao walikuwa wakimtazama Biubwa. Alikuwa chini ya dirisha la tatu, anachovya mtandio kwenye ndoo ya maji na kusugua. Chokaa ikatoka. Na udongo mwekundu ukatoka pamoja nayo, ukachuruzika mpaka kwenye kiwiko chake. Akaacha mtandio akakwangua kwa kucha, taratibu, kisha kwa haraka, mpaka akafika kwenye jiwe. Hapakuwa na kitu tena.

"Baba," akaliambia jiwe. "Baba jamani, baba." Akakaa mchangani akalia kwa sauti, mdomo wazi kama mtoto mdogo. Nilimkumbatia. Aliyemtafuta miaka yote alikuwa kwenye ndoo ya maji machafu, na ni yeye mwenyewe aliyewapa ufunguo.

Mzee Bwanausi aliinuka kwa shida. Alikwenda pembeni palipokuwa na kiroba cha udongo wa zamani, akamwagia maji, akachovya mkono wa kulia. Wenzake wakamwita, "Bwanausi, wewe si wa ukuta huu." Hakuwageukia.

"Mimi ndiye niliyewaambia tupake," akamwambia Biubwa. "Nimeanguka. Na dunia ione. Nibandike wapi?"

Nilitaka Biubwa amfukuze. Yeye akafuta kamasi, akaonyesha kwa kidole.

"Kando yake. Usiguse pale pake."

Mzee akabandika kiganja chake kando ya lile kovu la jiwe, akakikandamiza kwa uzito wa mwili wake. Akangoja. Hakuna aliyemwuliza, kwa kuwa wa kumwuliza alikuwa Mikdad, naye amezikwa Zambia.

"Kimetoka?" Biubwa akauliza hatimaye.

"Kimetoka, mwanangu."

Hakumkumbatia. Alifuta kamera kwa pindo la gauni lake akapiga picha mia moja na arobaini kabla jua halijahama mlangoni.

Jumatatu banda lilianguka kabla ya adhuhuri. Sasa limo kwenye kompyuta ya Biubwa, pale studio, na mteja akitaka anamwonyesha. Utaona viti, utaona mchanga na kila msumari wa paa. Ukuta ule ni mweupe, una kiganja kimoja chekundu, cha mtu ambaye hakuwahi kuangushwa.