Utando wa Kibuyu cha Mama

Mpaka leo mtu akinisifia sabuni ya unga mbele yangu nakereka, na watu hudhani natania. Sitanii hata kidogo. Najua sabuni ile inaweza kuua nini, kwa sababu aliyeua ni mimi, kwa mikono yangu, tena nikiimba.

Mama alikuwa na kibuyu cha maziwa alichopewa na bibi siku alipoolewa. Kwa nje kilikuwa kimekoza wekundu wa mafuta na moshi. Ndani kilikuwa na utando mzito kama ukoko wa ugali, umeng'ang'ania kuta zote. Mama hakuubandua hata siku moja. Alisuuza kwa maji baridi, akatumbukiza kijinga cha moto, akakizungusha mpaka moshi ukatoka mdomoni mwa kibuyu, akakung'uta majivu, kisha akamimina maziwa. Siku ya pili jioni yalikuwa yameganda, laini, hayana maji juu, yana harufu ya moshi na ya kitu kingine ambacho sijakipatia jina. Tuliyala kwa ugali wa mtama na hakuna aliyeugua tumbo.

Kwetu binti akiolewa hupewa kibuyu kipya, na mama yake humimina humo maziwa ya kibuyu chake pamoja na kipande cha utando ule. Ndiyo mbegu. Dada yangu alikuwa ameshaposwa, na kibuyu chake kipya kilikuwa kimeninginia jikoni kikisubiri siku.

Hapo ndipo soko huria lilipotufikia. Sisi tuliokuwa tukipanga foleni kwenye duka la kijiji kugombea kipande kimoja cha sabuni, ghafla tukaona mnada wa Mtinko umejaa ndoo za plastiki na sabuni za unga za kila rangi. Pamoja na bidhaa wakaja wataalamu. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Huyu wetu alikuja, mwenyeji akaugua. Alikuwa wa mradi wa kukusanya maziwa, ana koti jeupe na tochi. Aliingia jikoni kwa mama bila kukaribishwa, akamulika ndani ya kibuyu, akakunja pua.

"Mama, huu ni uchafu," alisema. "Humu mna bakteria na fangasi. Vibuyu vyote vichemshiwe maji na kusuguliwa kwa sabuni. Chachu mtapata kwetu, ya pakiti."

Mimi nilikuwa nyumbani kwa likizo ndefu, kidato cha tatu, na kichwa kimevimba kwa somo la baiolojia. Mama hakuwa hodari wa Kiswahili cha ofisini, kwa hiyo nilimfasiria kwa Kinyaturu. Nikaongeza na ya kwangu, kwamba wazungu wamethibitisha, kwamba tungekufa sote. Kiherehere hicho kinanichoma mpaka sasa.

Mama alimsikiliza mpaka mwisho. "Mwanangu," alimwambia, "kibuyu hiki kimelea watoto saba. Wewe umelea wangapi?"

Mtaalamu alicheka, akaenda nyumba ya jirani. Majirani walimtii, maana maziwa yasiyo ya pakiti yake hayakupokelewa mradini. Mama peke yake alikataa. Nikaona aibu. Ndiyo, niliona aibu juu ya mama yangu!

Wiki ileile mama alikwenda msibani. Nilichemsha maji, nikayamimina kibuyuni pamoja na sabuni ya unga na kokoto, nikatikisa kibuyu mpaka mabega yakauma. Utando ulitoka vipande vipande, mweusi, kama magome. Niliumwaga kwenye kichuguu. Nilimulika ndani na kuona kuta nyeupe, nikafurahi.

Mama aliporudi alinusa mdomo wa kibuyu, akakaa chini. Hakunipiga. Heri angenipiga.

Maziwa ya kwanza yaliachana, maji juu, mabonge chini, machungu. Ya pili yaliota ukungu wa kijani. Tulijaribu chachu ya pakiti, ikagandisha vizuri kwa siku chache, kisha mradi ukafunga virago bila kuaga na pakiti zikaisha. Kijiji kizima kilikuwa na vibuyu safi na maziwa yaliyooza. Harusi ya dada ilikuwa imebaki wiki tatu, na hapakuwa na mbegu ya kumpa.

Miaka kadhaa baadaye, chuoni, ndipo nilipofundishwa nilichokuwa nimekimwaga kwenye kichuguu. Bakteria wa ule utando hula sukari ya maziwa na kutoa ukali. Ukali huo huwafukuza wadudu wa kuozesha, lakini fangasi wadogo wa jamii ya hamira huuvumilia, na wengine huula, usije ukazidi ukawaua bakteria wenyewe. Hamira nao huachia vitamini ambazo bakteria huzihitaji. Bakteria hutoa gundi, na wote hujibanza humo. Si kwamba wanapendana. Hutiliana sumu pia, hupelekeana habari kwa kemikali, huwekeana mipaka, na huo ugomvi wao ndio unaomnyima mgeni nafasi. Ukisugua ukuta ukabaki mtupu, anayewahi ndiye anayekaa. Nilisoma hayo nikashikwa na hasira. Kwa nini yule bwana aliyejua majina ya bakteria na fangasi hakujua hata jambo moja wanalofanya wakiwa pamoja? Na mimi kwa nini nilifundishwa njia za kuua vijidudu kabla ya kufundishwa kazi zao? Mtihani wa shule uliuliza njia tatu, nikazitaja zote, nikapata alama zote.

Lakini wakati ule tulichojua ni kwamba mama mdogo, aliyeolewa Mgori karibu na msitu, alikuwa na kibuyu chenye mbegu ya bibi yuleyule. Mtaalamu hakufika huko. Mama akanichukua, tukapanda lori la vitunguu, kisha tukatembea.

Kuomba kwa mdogo wako si jambo dogo kwetu. Mama mdogo alimpa mama shikamoo, akatupa uji, akasikiliza. Kisha akauliza lile nililokuwa naliogopa tangu nyumbani.

"Dada, kibuyu cha mama yetu kimekufaje?"

Nilifungua mdomo. Mama akawahi.

"Nimekiua mimi. Nilikisugua kwa sabuni."

"Wewe ndiye uliyeachiwa kibuyu chenyewe cha mama," mama mdogo alisema. "Mimi nilipewa kipande cha utando tu."

"Nimekosa," mama alisema, macho chini, mbele ya mdogo wake.

Mbegu tuliahidiwa, lakini kwa sharti. Mama mdogo angekuja nayo mwenyewe siku ya harusi. Njiani nilimuuliza mama kwa nini amejisingizia. Nilikuwa nalia na nina hasira, kwake, kwangu, kwa koti jeupe, kwa kila mtu.

"Mwanamke aliyeua kibuyu hagusi tena kibuyu cha mwali, na binti aliyeua kibuyu hapewi chake," alinijibu. "Mimi nimeshaolewa. Wewe bado. Nyamaza utembee."

Nikanyamaza. Ningeweza kusema siku ileile. Ningeweza kurudi Mgori kesho yake, au kusema mbele ya shangazi zangu wakati wowote wa zile wiki. Sikusema, kwa sababu nilitaka kuolewa.

Siku ya harusi wanawake waliketi jikoni kwa mama, kwenye jiko lake mwenyewe, na mama mdogo akammiminia dada yangu maziwa na utando. Mama alisimama nje ya mlango, maana hakuruhusiwa kuingia. Dada alimtafuta kwa macho mara mbili, hakumwona. Kisha mama mdogo akaangalia huku na huku, akasema anahitaji msichana ambaye bado hajaolewa, mwenye mikono isiyo na doa, amshikie kifuniko.

Wakanichagua mimi. Nikanyoosha mikono, nikakishika.